Vielezi Vinavyofanana katika Kiingereza

Watoto wengi wa milima ya Upare hukua na lugha zaidi ya moja. Nyumbani, penye meko ya mama, huongea Chasu. Shuleni na sokoni hutumia Kiswahili, lugha ya nchi nzima. Na lugha ya tatu ni Kiingereza. Lugha hii ya tatu yawapasa waijue vema, kwa kuwa mwanafunzi afikapo shule ya sekondari hukuta masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza, na majibu ya mtihani huandikwa kwa Kiingereza vile vile.

Wanafunzi wengi huogopa maneno makubwa ya Kiingereza. Lakini maneno hayo hayadhuru sana, kwa sababu mtu asiyeyajua hujua kwamba hayajui. Basi huuliza, au hufungua kamusi. Yenye hatari ni maneno madogo, ambayo kila mtu hudhani amekwisha kuyajua. Wahenga walisema, Mdharau mwiba mguu huota tende. Neno dogo likikaa mahali pasipo pake laweza kugeuza barua ya heri ikawa barua ya shari.

Maneno tutakayoyatazama ni vielezi. Kielezi ni neno lielezalo tendo: limetendwa namna gani, lini, wapi, au kwa kiasi gani. Tukisema, “Msafiri alipanda mlima upesi,” neno “upesi” ni kielezi. Tena kielezi chaweza kueleza sifa, kama tusemavyo, “njia ndefu sana.”

Kwa nini vielezi vya Kiingereza huchanganywa? Sababu ni kwamba kila lugha ina desturi yake ya kugawa mambo. Mkulima wa Ndungu huita mpunga kile kilicho shambani. Kikiisha kukobolewa hukiita mchele. Kikiisha kupikwa hukiita wali. Mwingereza ana neno moja tu, “rice,” kwa vyote vitatu. Basi Mwingereza anayejifunza Kiswahili akisema, “Jana nilikula mpunga,” tutacheka, ingawa kwake yeye hakuna kosa. Katika vielezi mambo hugeuka. Huko sisi ndio wenye neno moja, nao wana mawili au matatu. Tena sisi ndio tubishao hodi kwenye mlango usiokuwa wenyewe. Hebu tuitazame milango hiyo mmoja mmoja.

1. Bado

Mtu amesimama stesheni ya Same, katika reli itokayo Tanga ambayo ilifika Moshi mwaka 1911. Anamwuliza mwenzake, “Treni imefika?” Mwenzake anajibu, “Bado.” Kwa Kiswahili jibu hilo latosha. Mwanafunzi akitaka kulitia katika Kiingereza hukumbuka neno “still,” kwa kuwa amefundishwa kwamba “still” ni bado, akajibu, “Still.” Mwingereza hatafahamu. Jibu lililo sawa ni “Not yet.”

Maana yake ni hii. Neno letu “bado” lina kazi mbili. Tukisema, “Treni bado iko Same,” twasema jambo lililoanza nalo halijakoma, hapo Kiingereza hutumia “still”: “The train is still at Same.” Tukisema, “Treni bado haijafika,” twasema jambo linalongojewa, nalo halijatokea, hapo Kiingereza hutumia “yet” pamoja na neno la kukana: “The train has not come yet.” Tena liko neno la tatu, “already,” la jambo lililokwisha kutokea, hata pengine mapema kuliko watu walivyotazamia: “The train has already come.”

Tunayo dawa ya kutusaidia, nayo imo katika Kiswahili chenyewe. Jaribu kuisema sentensi yako bila neno “bado.” Ukiweza kusema “ingali,” tumia “still.” Ukiweza kusema “haija-,” tumia “yet.” Ukiweza kusema “imekwisha,” tumia “already.”

Chukua mfano wa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji, kazi ambayo wazee wa Upare waliijua tangu zamani. Maji hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Sasa soma sentensi hizi tatu:

“The ndiva is still full,” yaani, ndiva ingali imejaa.
“The ndiva is not full yet,” yaani, ndiva haijajaa.
“The ndiva is already full,” yaani, ndiva imekwisha kujaa.

Aliye na zamu ya maji akipata habari ya kwanza, atajua kwamba maji ya tangu mwanzo hayajapungua. Akipata ya pili, itampasa angoje. Akipata ya tatu, ataondoka mara moja na jembe lake. Tofauti si ndogo: anayengoja wakati ulio wa kufungua atapitwa na zamu, na mahindi yake yatanyauka.

Angalia pia maswali. “Has he come yet?” ni swali la mtu asiyejua kama mgeni amefika. “Has he come already?” ni swali la mtu anayestaajabu kwamba mgeni amefika upesi hivyo. Wa kwanza huuliza habari. Wa pili ameshtuka.

2. Sana na mno

Neno “very” ni sana. Neno “too,” likitangulia sifa, ni mno, yaani kupita kiasi kilicho chema. Wanafunzi huyachanganya kwa sababu katika Kiswahili cha adabu watu husema, “Nimefurahi mno,” au “Nakushukuru mno,” bila nia ya kusema kwamba furaha au shukrani imepita kiasi. Kiingereza hakikubali hivyo. Ukiandika, “I am too happy,” msomaji hungoja useme umefurahi hata ukashindwa kufanya nini.

Fikiri habari ya mchukuzi apandaye mlima kutoka Same kwenda Mbaga. Akisema, “The load is very heavy,” amesema mzigo ni mzito sana. Atatokwa jasho, lakini huenda akafika nao. Akisema, “The load is too heavy,” amesema mzigo umemshinda. Utafute mtu mwingine au uupunguze. Vivyo hivyo katika nyumba ya wagonjwa. “The child is very weak” ni habari ya huzuni. “The child is too weak to drink” ni habari ya hatari, kwa maana mtoto hawezi hata kunywa, na mganga akisikia hivyo atamtafutia njia nyingine ya kumpa maji. Mzazi akilitumia “too” kila mara kwa maana ya “very,” siku ya hatari ya kweli atakosa neno la kuionyesha.

Kipimo chake ni rahisi. Ongeza mwisho wa sentensi maneno “hata haiwezekani.” Kama maana yabaki kuwa kweli, tumia “too.” Kama sivyo, tumia “very.”

3. Pengine

Sikiliza sentensi hizi mbili: “Pengine baba huenda Same siku ya soko.” “Pengine mvua itanyesha leo.” Neno ni moja, lakini maana ni mbili. Katika ya kwanza, “pengine” ni mara nyingine, maana baba huenda siku hii, asiende siku ile. Katika ya pili, “pengine” ni labda, maana msemaji hana hakika. Kwa Kiingereza ya kwanza ni “sometimes,” na ya pili ni “perhaps.”

Watu wa nchi tambarare ya Same, iliyo upande mkavu wa milima, wajua thamani ya tofauti hii. “Sometimes the rain fails” maana yake ni kwamba iko miaka ambayo mvua hukosekana. Hilo ni jambo la siku zote, nalo latufundisha kuweka akiba kila mwaka. “Perhaps the rain will fail” maana yake ni kwamba labda mvua hii tunayoingoja haitakuja. Hilo ni onyo la mwaka huu. Asomaye la kwanza atajenga ghala. Asomaye la pili atakwenda leo leo kununua mahindi kabla bei haijapanda.

Kipimo: weka “mara nyingine” mahali pa “pengine”, likikubali, andika “sometimes.” Weka “labda”, likikubali, andika “perhaps.” Tena utaona kwamba kitendo chenye “hu-,” kama huenda na hunyesha, hufuatana mara nyingi na “sometimes.”

4. Pia

Hapa hapana maneno mengi. “Mimi pia napanda tangawizi,” asema mkulima wa Mamba Miamba. Kwa Kiingereza ni “I also grow ginger,” au “I grow ginger too.” Lakini jirani yake akisema, “Mimi pia sipandi tangawizi,” Kiingereza hukataa “also” na “too” pamoja na kukana. Husema, “I do not grow ginger either.” Basi kumbuka: katika kukubali ni “also” au “too”; katika kukana ni “either.” Na hilo “too” likaalo mwisho wa sentensi usilichanganye na lile litanguliala sifa, maana hili ni pia, na lile ni mno.

5. Maneno yaongezwayo “-ly”

Umefundishwa kwamba katika Kiingereza sifa nyingi hugeuka kuwa vielezi kwa kuongezwa “-ly.” “Slow” ni -a polepole, na “slowly” ni kwa polepole. “Careful” ni -angalifu, na “carefully” ni kwa uangalifu. Kanuni hiyo ni njema, lakini ina mtego. Yako maneno ambayo ni vielezi tayari hayo yenyewe, na ukiyaongeza “-ly” hupati kielezi kilekile, bali wapata kingine chenye maana ya mbali.

La kwanza ni “hard.” “He works hard,” yaani, afanya kazi kwa bidii. “He hardly works,” yaani, ni kama hafanyi kazi kabisa. Tazama basi kijana aandikaye barua kuomba kazi katika mashamba ya katani ya Makanya. Nia yake ni kusema kwamba kwa miaka miwili amejitahidi sana mahali alipokuwa. Huandika, “For two years I hardly worked,” akidhani “-ly” imeipamba barua yake. Asomaye hufahamu kwamba kijana huyu kwa miaka miwili alikaa tu, wala hakuona haya kusema. Barua huwekwa kando, na kijana hungoja jibu lisilokuja, wala hajui sababu. Kumbuka tena kwamba “hardly” lina kukana ndani yake, kwa hiyo usiliongeze “not.” “I can hardly see” latosha kusema kwamba naona kwa shida sana.

La pili ni “late.” “The teacher came late,” yaani, mwalimu alichelewa. “The teacher has come lately,” yaani, mwalimu amekuja siku hizi za karibuni. La kwanza ni lawama. La pili ni habari tu.

La tatu ni “near.” Hapa tena neno letu moja, “karibu,” hufanya kazi mbili. “We live near Shengena,” yaani, twakaa karibu na mlima Shengena. Hapo karibu ni ya mahali. “Shengena is nearly 2,500 metres high,” yaani, Shengena una urefu wa karibu mita 2,500; hapo karibu ni ya kiasi, nayo ni kweli, maana kilele hicho, kilicho kirefu kupita vyote vya Upare, kina mita 2,462. Mtu akisema, “He nearly fell,” hakuanguka, ila kidogo tu angeanguka. Akisema, “He fell near,” alianguka, na mahali palikuwa karibu. Katika njia za milimani wa kwanza hupewa pole, na wa pili hutafutiwa machela.

6. Tu

Nimeacha neno hili kuwa la mwisho kwa kuwa ndilo gumu kupita yote, ingawa ni fupi. “Tu” kwa Kiingereza ni “only.” Kosa haliko katika kuchagua neno, bali katika mahali pa kuliweka. Kwa Kiswahili “tu” hufuata neno linalowekewa mpaka: “wazee tu,” “maji tu.” Kwa Kiingereza “only” hutangulia neno hilo: “only the elders,” “only water.” Likisogezwa, mpaka nao husogea, kama alama ya shamba iliyohamishwa usiku.

Tuchukue jambo lililotokea katika nchi yetu. Mwezi wa Januari mwaka 1945 watu wa Upare kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same, palipokuwa makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi yo yote. Walichokataa ni namna ile mpya ya kumkadiria kila mtu kodi kwa kadiri ya mali yake. Hatimaye, baada ya shauri refu, serikali ya wakati ule iliiacha kodi hiyo. Lugha ya kazi ya wakubwa wa serikali ile ilikuwa Kiingereza. Basi tujiulize: mwandishi wa watu wale angelieleza shauri lao kwa sentensi gani? Sentensi zifuatazo nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya somo hili:

“We refuse only the mbiru.” Yaani, twakataa mbiru tu, kodi nyingine tutalipa.
“Only we refuse the mbiru.” Yaani, sisi tu ndio tunaokataa, watu wengine wote wamekubali.
“We only refuse the mbiru.” Yaani, twaikataa tu, au huenda asomaye akadhani kwamba hatuna jambo jingine ila kukataa.

Maneno ni yale yale, wala hapana herufi iliyoongezwa. Lakini ya kwanza yawaonyesha watu watii wenye shauri moja la haki. Ya pili yawaonyesha kuwa kundi dogo lililojitenga, na mkubwa aisomaye aweza kusema, “Kama ni hao tu, na waachwe.” Ya tatu yamwachia asomaye nafasi ya kuchagua maana aipendayo, na mwenye kushtakiana na wakubwa asimpe nafasi hiyo. Sentensi moja tu ndiyo iliyo kweli, nayo ni ile ambayo “only” limekaa pale lipaswapo.

Namna ya kuyashika

Usijaribu kuyakariri maneno haya mawili mawili kama orodha, “still” bado, “yet” bado, “too” sana, “very” sana. Orodha ya namna hiyo ndiyo iletayo machafuko. Fanya hivi. Kwanza, kabla hujaandika Kiingereza, iulize sentensi yako ya Kiswahili maana yake hasa. Bado ya namna gani? Karibu ya mahali au ya kiasi? Pengine ya mara nyingine au ya labda? Pili, badili neno kwa jingine la Kiswahili lililo wazi zaidi, kama tulivyofanya kwa ingali, labda na mara nyingine. Tatu, ndipo utafute neno la Kiingereza. Ukiisha kuandika, soma tena kama kwamba wewe ndiwe uliyeletewa barua, nawe humjui mwandishi wala nia yake.

Ukifanya hivyo utapata faida mbili. Kiingereza chako kitanyoka. Na Kiswahili chako pia utakijua zaidi, kwa maana utakuwa umegundua ndani ya maneno unayoyasema kila siku maana ambazo hukupata kuziangalia.

Zoezi

Tia sentensi hizi katika Kiingereza, kisha ueleze kwa nini umechagua kielezi hicho.

1. Mvua bado haijanyesha Same.
2. Bibi bado yuko shambani.
3. Kisu hiki ni butu mno, hakikati.
4. Pengine twapita njia ya Makanya.
5. Pengine mwalimu ni mgonjwa.
6. Ndugu yangu pia hajui kuogelea.
7. Mjomba alifanya kazi kwa bidii jana.
8. Karibu nivunje chungu.
9. Wazee tu hufungua ndiva.
10. Wazee hufungua ndiva asubuhi tu.